Kufuata Mkono wa Waliotangulia: Picha za Wino za Wachina



Usiku wa leo nimependa tuzungumze juu ya picha za milima na mito ambazo Wachina wamezichora kwa wino mweusi tangu zama za kale, na hasa juu ya ile desturi yao ya kuchora kwa mkono wa bingwa aliyekwisha kufa, pengine miaka mia tatu au mia nne kabla ya mchoraji mwenyewe kuzaliwa, na kisha kuliandika jambo hilo dhahiri juu ya picha bila ya haya wala kificho. Pwani yetu imejuana na China tangu dahari, na ushahidi tunao katika vipande vya kauri vilivyofukuliwa kwenye magofu ya Gedi na katika mabakuli yaliyojengewa makaburini Kunduchi. Illa biashara ya bahari ilituletea vyombo, na picha za karatasi na hariri zikabaki huko kwao mikononi mwa wenye nazo, hata ikawa bakuli la Mchina twalijua na fikira zake katika sanaa hatuzijui.

Mtu akifunuliwa picha moja ya namna hiyo ataona milima inayopanda kwa taratibu, ukungu uliokaa mabondeni, miti michache ukingoni mwa maji, labda na kibanda kisicho na mtu. Na katika pembe ya juu ataona safu za maandishi zenye kutaja mwaka, na jina la mchoraji, na kusema kwamba picha hii imechorwa kwa kufuata mkono wa Huang Gongwang, au wa Ni Zan, au wa Dong Yuan, kisha muhuri mwekundu wa zinjifuri. Aliyelelewa katika fikira kwamba msanii hana thamani mpaka alete kile ambacho jicho halijapata kukiona, atadhani mchoraji huyu amejihukumu mwenyewe kwa kalamu yake. Lakini ikitukia akaiweka picha ile mkabala na kazi ya huyo bingwa aliyetajwa, mshangao wake utazidi, kwani mara nyingi hazifanani: mlima si ule, mto haupiti pale, na miti imehamishwa yote. Basi ni nini kilichofuatwa?

Jawabu limo katika vifaa, na kwa hiyo sina budi kuwaomba mnivumilie kidogo niseme juu ya masizi na gundi. Wino wa Wachina hutengenezwa kwa masizi ya mti wa msonobari au ya mafuta yaliyochomwa, yakachanganywa na gundi, yakashindiliwa katika kalibu na kukaushwa hata yakawa kijiti kigumu. Na mwenye kutaka kuchora hukisaga kijiti hicho juu ya jiwe lenye maji, taratibu, mpaka apate weusi anaoutaka, kuanzia ule mzito hata ule mwepesi unaokaribia kuwa maji matupu. Brashi ni ya manyoya ya mbuzi au ya mnyama wa jamii ya kicheche. Karatasi iliyosifika kuliko zote hutoka wilaya ya Jing katika jimbo la Anhui, nayo hufanywa kwa magome ya mti uitwao qingtan pamoja na mabua ya mpunga, na tabia yake ni kunywa maji papo hapo. Kwa hiyo mkono ukisita, kusita kwake huonekana, ukienda mbio, mbio zake huonekana, na lililokwisha kuandikwa halifutiki. Tena brashi hiyo ndiyo iliyotumiwa kuandikia barua, mashairi na hati za serikali, na waungwana wa China wameishika tangu utoto wao, hata jicho la mtu aliyesoma lilizoea kuutambua mkono wa fulani kwa mkokoto mmoja tu wa wino.

Kutokana na hayo, mabingwa wa kale walipokuwa wakitafuta namna ya kuuvika mlima mwili wake, kila mmoja aliacha nyuma yake mikokoto iliyojulikana kuwa ni yake. Dong Yuan, aliyeishi karne ya 10 kusini mwa nchi, ambako vilima ni vya udongo na hewa ni ya maji maji, alivijenga vilima vyake kwa mistari mirefu iliyolegea, ambayo mafundi waliipa jina la nyuzi za katani. Na wachoraji wa ikulu ya Song ya kusini, waliopenda majabali yaliyokatika ghafula, walilaza brashi ubavu na kupiga kwa nguvu, wakaiita mikokoto yao mapigo ya shoka. Mchoraji aliyeandika kwamba anamfuata Dong Yuan alikuwa akisema kwamba ameazima nyuzi zile za katani, na ule unyevu, na ile desturi ya kuvipanga vilima na kuviacha vipumue; ama mlima wenyewe ni wake. Washairi wa mwambao wetu hawatalishangaa jambo hili hata kidogo, kwani Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir alipozifanyia tahmisi beti za Liyongo, akaitia mishororo yake pamoja na ya yule shujaa hata ikatimia mitano, hakuna aliyesema kwamba amemwibia Liyongo. Watu walisema kwamba amethubutu kusimama naye, nao wakasikiliza kama atamudu.

Wachina wenyewe waliliweka jambo hili katika kanuni mapema sana. Katika karne ya 6 mtu aitwaye Xie He aliandika misingi sita ya kuhukumia picha, na katika hiyo sita wa kwanza ulihusu pumzi ya uhai inayopita ndani ya kazi, na wa mwisho ulihusu kuinakili mifano ya waliotangulia. Nadhani mpango huo una maana yake, ijapokuwa waliokuja baadaye walijifanya hawauoni. Wakatenganisha pia daraja za kunakili: iko ya kuweka karatasi juu ya picha na kufuatisha mistari yake, iko ya kuiweka asili kando na kuitazama huku ukichora, na iko ile ya tatu, ambayo ndiyo hadithi yetu, ya kumfuata bingwa kwa moyo pasipo na picha yake mbele ya macho.

Sasa niwapeni kisa cha gombo moja tu, maana ndani yake limo karibu kila jambo. Huang Gongwang alizaliwa mwaka 1269, akaishi chini ya utawala wa Wamongoli, akawa karani wa serikali, akatiwa gerezani kwa makosa yaliyomhusu mkubwa wake, na alipotoka akaiacha kazi ya dola, akaingia katika njia ya Watao na kujipatia riziki yake kwa ramli. Alipokaribia umri wa miaka 80 alikaa kando ya mto Fuchun, katika jimbo la Zhejiang, na hapo ndipo alipoanza, mwaka 1347, gombo la milima ya mto huo kwa ajili ya mwenzake katika njia, aliyeitwa Wuyong. Hakulifanyia haraka. Alilichukua pamoja naye huko na huko, akiongeza kilima hapa na msitu pale kila moyo ulipomtuma, na mwaka 1350 aliandika mwishoni mwake kwamba miaka mitatu minne imepita na kazi haijesha, na kwamba Wuyong ana hofu asije mtu akaichukua kwa hila au kwa nguvu, basi amemwomba aandike mapema ni mali ya nani. Kipande kirefu kilichosalia kina urefu wa mita sita na zaidi, na kimo chake ni sentimita 33 tu. Nacho hufunuliwa kutoka kulia kwenda kushoto, kidogo kidogo, hata msafiri aliyeketi apite vilima vilivyojaa misonobari, afike penye maji mapana yasiyo na kitu ila wavuvi wawili watatu, kisha apande tena. Mistari ni mikavu na imelegea, na mingine imepita juu ya mingine, kwa kuwa mzee aliirudia baada ya miezi mingi.

Hofu ya Wuyong haikuwa bure. Katika karne ya 15 gombo lilikuwa mikononi mwa Shen Zhou, mchoraji wa Suzhou, mtu mpole aliyekataa vyeo vya serikali, naye akampa rafiki ili aandike maneno ya ukumbusho. Mwana wa rafiki huyo akalificha akaliuza, na lilipozuka tena sokoni bei yake ilikuwa imepita uwezo wa Shen Zhou. Hakushtaki wala hakugombana. Mwaka 1487 aliketi akalichora gombo zima upya kutoka kichwani mwake, mlima baada ya mlima, na kazi hiyo ingalipo hata leo katika jumba la makumbusho la ikulu ya zamani mjini Beijing. Atakayezilinganisha mbili hizo atakuta kwamba Shen Zhou ametia rangi hafifu ambazo Huang hakuzitia, na kwamba mkono wake ni mnene na mtulivu zaidi, na kwamba mahali pengine vilima vimepungua na nafasi imeongezeka, kwa kuwa kumbukumbu iliyahifadhi yale iliyoyapenda na mengine ikayaacha yaende. Mimi sijui mfano bora kuliko huu wa kumfuata bingwa. Kila mara nisikiapo mtu akisema kwamba kuiga ni uvivu, humkumbuka mtu huyu aliyedhulumiwa picha akajilipa mwenyewe kwa brashi.

Baada ya miaka mia na zaidi gombo la asili lilifika kwa Dong Qichang, aliyelinunua mwaka 1596, na mtu huyu lazima nimtaje kwa urefu kidogo, maana ndiye aliyeigeuza desturi kuwa madhehebu. Alizaliwa mwaka 1555, akafika vyeo vikubwa katika serikali ya Ming, akawa mwandishi wa hati asiye na mpinzani katika zama zake na mkusanyaji mkubwa wa picha. Na kwa kuiga migawanyiko ya Wabudha wa Chan aliwagawa wachoraji wote wa kale katika mikondo miwili, wa kaskazini na wa kusini, lakini hakukusudia mahali walipozaliwa. Wa kusini kwake walikuwa waungwana waliochora kwa moyo: Wang Wei mshairi wa enzi ya Tang, Dong Yuan, mtawa Juran, Mi Fu, kisha wale wanne wa enzi ya Yuan, ambao ni Huang Gongwang, Wu Zhen, Ni Zan na Wang Meng. Wa kaskazini walikuwa mafundi wa ikulu waliochora kwa ujira, na hao akawaonya watu wasiwafuate. Wataalamu wa siku hizi wameitoboa hoja hiyo mahali pengi, nami naona ni shajara ya nasaba aliyojitungia mtu ili yeye mwenyewe atokee mwishoni mwake akiwa mrithi halali. Lakini ajabu ya Dong Qichang ni kwamba mkono wake haukutii madhehebu yake. Milima yake imejipinda, ardhi yake imeinama, miamba imening'inia pasipo pa kuning'inia, na kando yake ameandika kwa utulivu kwamba anamfuata Dong Yuan, ambaye lau angefufuka asingeitambua hata kokoto moja.

Gombo la Fuchun Dong Qichang aliliweka rehani kwa ukoo wa Wu wa Yixing, na hapo lilikaribia mauti yake. Mrithi wa ukoo ule, Wu Hongyu, alilipenda hata akataka kufuatana nalo kaburini. Na mwaka 1650, alipokuwa katika sakarati, aliamuru hazina zake zichomwe mbele yake, kwanza gombo mashuhuri la hati ya mtawa Zhiyong, likateketea, na kisha gombo la Fuchun. Lilitiwa motoni. Mpwawe akapenya, akatumbukiza gombo jingine mahali pake na kulitoa lile, lakini moto ulikuwa umekwisha kupita mwanzoni mwake, na tangu siku hiyo likawa vipande viwili.

Zama hizo zilikuwa za msiba mkubwa kuliko huo. Mwaka 1644 dola ya Ming ilianguka, Wamanchu wakaitwaa Beijing, na katika mji wa Taicang mzee Wang Shimin, mjukuu wa waziri mkuu wa zamani na mwanafunzi wa Dong Qichang, alijifungia na picha zake, akawa anachora mwaka hata mwaka kwa mkono wa Huang Gongwang. Mtu aweza kumcheka, lakini mimi namwelewa: nchi imekwenda, na mkokoto wa brashi ni katika vitu vichache ambavyo mshindi hawezi kuvitoza kodi. Yeye na mjukuu wake Wang Yuanqi, na Wang Jian na Wang Hui ambao hawakuwa wa damu yao, ndio waitwao Wang wanne. Huyu Wang Hui, aliyezaliwa Changshu mwaka 1632, alikuwa kijana asiyejulikana mpaka picha aliyoichora juu ya pepeo la mkononi ilipomfikia Wang Jian, naye akamchukua na kumpeleka kwa mzee Shimin, ambako alifunguliwa mlango wa hazina za kale. Kipawa chake kilikuwa cha kutisha. Aliweza kuandika mkono wa yeyote aliyemtaka, na azma yake, aliyoitamka waziwazi, ilikuwa kukusanya brashi ya enzi ya Yuan na milima ya enzi ya Song na roho ya enzi ya Tang katika kazi moja. Mwaka 1691 aliitwa Beijing kuongoza kazi ya magombo 12 ya safari ya mfalme Kangxi katika mikoa ya kusini, na mwaka 1698 kazi ikatimia. Naye Wang Yuanqi akapewa dhamana ya picha za mfalme. Hivyo mkono ule ule ambao babu aliushika ili ajitenge na Wamanchu, mjukuu aliushika akiwa ndani ya ikulu yao, na historia haikuona vibaya.

Na katika zama hizo ndipo ugonjwa ulipoingia katika desturi hii. Mwaka 1679 kilichapishwa Nanjing kitabu cha mbao za kuchonga, chenye dibaji ya Li Yu, kiitwacho kwa jina la Bustani ya Mbegu ya Haradali, kilichomfundisha yeyote mwenye senti za kukinunua jinsi ya kuchora jani kwa namna ya fulani na jiwe kwa namna ya fulani. Kitabu ni kizuri na kimewatoa wachoraji wengi, lakini kiliwapa wavivu ruhusa: mtu akaweza kumfuata Huang Gongwang naye hajapata kuona picha ya Huang Gongwang wala mlima. Shitao, mzawa wa ukoo wa kifalme wa Ming aliyejificha katika utawa, alipinga kwa maneno makali akishikilia kwamba kanuni yapasa itoke katika nafsi ya mchoraji. Lakini wanaopenda kumfanya yeye na Wang Yuanqi mahasimu wasisahau kwamba mwaka 1691 walichora picha moja kwa pamoja, Shitao akatia mianzi na maua ya okidi, na mwenziwe akaongeza miamba. Na mnamo Januari 1919 Chen Duxiu, ambaye miaka michache baadaye alikuwa miongoni mwa waasisi wa chama cha Kikomunisti, alichapisha barua akitaka madhehebu ya akina Wang yapinduliwe kabisa na watu wafuate uhalisi wa Ulaya. Lawama zake juu ya wachoraji wa siku zake nazikubali karibu zote. Lakini aliwatwika wazee dhambi za wajukuu.

Limebaki tukio moja, nami nimelichelewesha kwa makusudi. Mwaka 1745 mfalme Qianlong, mpenzi wa sanaa aliyekuwa na mihuri mingi kuliko subira, aliletewa gombo la milima ya Fuchun, akafurahi mno. Mwaka uliofuata akaletewa jingine. La kwanza lilikuwa nakala iliyopewa jina la Huang Gongwang ili kudanganya, na la pili lilikuwa lile lenyewe lililotoka motoni. Naye mfalme akahukumu kwamba la kwanza ndilo asili, akaliagizia la pili maandishi mafupi kwamba ni nakala, na katika miaka mingi iliyofuata akaliandika lile la uongo mara zaidi ya hamsini, hata mbingu yote juu ya vilima ikajaa sifa zake. Nijuavyo, hakuna ushahidi ulio bora wa tofauti kati ya kufuata na kughushi: mwenye kughushi alifanya kila juhudi asionekane, na kwa sababu hiyo hakuacha kitu cha kutazamwa, ambapo Shen Zhou alijionyesha katika kila kilima. Na kosa la mfalme lilikuwa neema, maana nakala ilizipokea sifa zote zile na asili ikabaki karibu safi.

Kipande kirefu cha gombo hilo kimo katika jumba la makumbusho la Taipei, pamoja na nakala iliyompumbaza mfalme. Kipande kifupi, cha mwanzoni, kisichofika sentimita 52 kwa urefu, kimo Hangzhou, katika makumbusho ya jimbo la Zhejiang. Na mwaka 2011 viliwekwa pamoja Taipei, mara ya kwanza tangu vilipoachana katika moto. Kwa walio Marekani miongoni mwenu safari ni fupi zaidi, kwani gombo la tatu la ile safari ya Kangxi, katika kazi aliyoisimamia Wang Hui, limo katika Metropolitan Museum ya New York, na picha nyingine za mkono wake zimo humo pia. Atakayepata kusimama mbele ya kazi ya namna hiyo nampa shauri moja tu: aanze na yale maandishi ya pembeni, aulize ni nani aliyetajwa, kisha aitafute picha yenyewe na kujiuliza mchoraji ameacha nini kwa yule bingwa na ametia nini chake. Asipokiona kilichoachwa wala kilichotiwa, asijione mjinga; aipite, aende kwenye picha ya pili.